Mali ya ndoa mbele ya waamuzi



Katika mwaka wa pili wa upadri wetu, mwanaume mmoja alifika kwetu jioni. Alikuwa ameishi na bibi yake miaka kumi na mmoja. Watoto wao walikuwa wanne, wote wamebatizwa. Aliomba ndoa ya Kanisa. Tukamwuliza: «Mali umemaliza?» Akajibu: «Bado, Padri. Mbuzi wawili wamebaki, na sehemu ya feza.» Tukamwambia: «Uende umalize kwanza, kisha urudi.» Akaenda. Miaka miwili ikapita, hakurudi. Na bibi yake, aliye mtu wa sala, akaendelea kukaa nyuma ya kanisa kila siku ya Mungu, bila kukaribia meza ya Bwana.

Tulifikiri tumetenda vema, maana tuliheshimu desturi ya wazee. Kumbe hatukujua desturi, wala sheria ya leta, na sheria ya Kanisa tuliijua kwa ajili ya mtihani tu. Ndiyo sababu twaandika maneno haya. Twataka kufuata njia ambayo neno la mali lilipita katika tribinali na katika vitabu vya wanasheria wa inchi yetu. Fratri asiseme: «Sheria ni kazi ya maavoka.» Ndoa inayofika mlangoni kwa padri imekwisha kupita mikononi mwa wazee na mikononi mwa leta.

1. Leta yakubali desturi na kuiwekea mpaka

Siku ya 18 Oktoba 1908 Ubelgiji ilitoa ile sheria kubwa ya kutawala Kongo, iitwayo Charte coloniale. Namba yake ya 4 ilisema kwamba wenyeji wasioandikwa katika kitabu cha leta watafuata desturi zao, ikiwa hazipingi sheria wala «ordre public». Namba ya 5 ilimwagiza Gavana mkuu awasaidie watu kuacha polepole desturi ya kuoa wake wengi. Basi tangu mwanzo leta ilishika desturi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ikaisukuma.

Tueleze hilo neno «ordre public». Ni mambo yale ambayo inchi yahesabu kuwa msingi wa amani na wema wake, hata watu wawili wakipatana kuyavunja, juji hakubali mapatano yao. Kwa mfano, mtu hawezi kujiuza kuwa mtumwa, hata akipiga kidole kwenye karatasi mbele ya mashahidi.

Kisha ikaja dekreti ya 15 Aprili 1926 juu ya tribinali za wenyeji. Shefu na wazee wake waliruhusiwa kukata maneno kwa desturi, ila tu desturi isipinge «ordre public universel», maana yake wema unaojulikana kwa watu wote. Ikiwa desturi yapinga, au ikiwa hakuna desturi juu ya neno lile, wakate kwa haki inayoonekana kwa dhamiri. Ni maneno mazuri. Lakini nani alipima wema wa watu wote? Shefu alikata neno, administrateur wa territoire alimwangalia, na tribinali ya parquet iliweza kufuta hukumu yake. Kipimo kilikaa mikononi mwa mgeni.

2. Desturi yaingia katika kitabu

Mwaka 1933, Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kulianza gazeti la wanasheria liitwalo Bulletin des juridictions indigènes et du droit coutumier congolais. Gazeti hilo lilikusanya hukumu za tribinali za wenyeji, likazipiga chapa na kuzieleza. Mkubwa katika kazi hiyo alikuwa Antoine Sohier, aliyekuwa procureur général pale Katanga. Mwaka 1943 alitoa kitabu juu ya ndoa ya desturi, na mwaka 1949 kitabu cha kufundisha sheria yote ya desturi. Mwenzake Émile Possoz, naye mtu wa tribinali, aliandika pia juu ya sheria yetu. Ni yeye aliyeandika maneno ya kwanza katika kitabu cha Padri Placide Tempels juu ya filosofia ya Wabantu, kilichotoka Elisabethville mwaka 1945. Fratri aliyesoma Tempels katika darasa la filosofia ajue basi kwamba kitabu kile kilikaa jirani sana na kazi ya majuji.

Tuseme kwa haki: wanasheria hao walitusaidia. Wazungu wengi walisema kwamba Mwafrika ananunua bibi kama vile mtu anunuavyo mbuzi sokoni. Wanasheria hao walikataa. Walionyesha kwamba ndoa yetu ni agano la jamaa mbili, na mali ni alama na ushuhuda wa agano hilo. Mali ikionekana, kila mtu anajua kwamba wazazi wamekubali na kwamba watoto wana ukoo.

Lakini kazi hiyo ilikuwa na hatari ndani yake. Mzee wa kijiji, watu wakigombana juu ya ndoa, hakuanza kwa kuuliza kanuni yasema nini. Aliuliza: «Hawa watu wataishi namna gani kesho?» Mbuzi aliotaka leo kwa baba huyu, kesho aliweza kumsamehe baba mwingine, kwa kuwa alijua mavuno yake yamekufa. Karani alipoandika hukumu ile, aliandika mbuzi, hakuandika mavuno. Ikapigwa chapa, ikasomwa mbali, ikaanza kuitwa «desturi ya watu wale». Hivi dawa iliyotolewa kwa mgonjwa mmoja ikageuka kanuni kwa wagonjwa wote. Tena waandishi wakubwa walikuwa majuji na wamisionari kutoka Ulaya. Watu wetu walikuwamo katika kurasa zile kama washitaki, washitakiwa na mashahidi, lakini si kama walimu wa sheria.

3. Mjini mali yageuka karatasi

Hatari hiyo ilikua zaidi mjini. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, hapo kwanza iliajiri watu kwa miezi michache. Tangu mwaka 1928 ilianza kontrati za miaka mitatu, ikataka mfanyakazi akae kambini pamoja na bibi na watoto. Watu wakaja kutoka mbali. Wazazi wa bibi walibaki safari ya siku nyingi. Nani atashuhudia kambini kwamba bibi huyu ni wa huyu bwana kweli?

Dekreti ya 23 Novemba 1931 iliunda miji ya wenyeji iliyoitwa centres extra-coutumiers, kila mmoja na tribinali yake. Humo majuji wa makabila mbalimbali walikaa pamoja kukata maneno ya watu wa makabila mbalimbali. Desturi ya nani ifuatwe: ya bwana anayehesabu ukoo kwa baba, au ya bibi anayehesabu ukoo kwa mama? Mara nyingi walishika kitu kinachoweza kuhesabiwa: mali gani ilitolewa, kiasi gani, na nani aliipokea. Feza ikachukua pahali pa majembe na mbuzi. Ushuhuda wa jamaa mbili ukawa hesabu katika kitabu cha karani.

Na kitu kinachohesabiwa chaweza kudaiwa. Hapo mwanamke ndiye aliyeumia. Akipigwa na bwana wake, akirudi kwa baba yake, baba anamwambia: «Rudi kwa bwana wako, mali yake sina tena.» Alama ya agano imekuwa mnyororo. Jambo hilo halikuisha pamoja na utawala wa Wabeleji. Kila padri wa parokia amelisikia.

Leta ilijaribu kurekebisha kwa sheria. Dekreti ya 5 Julai 1948 ililinda ndoa ya mume mmoja na mke mmoja. Dekreti ya 4 Aprili 1950 ilikataza kuoa wake wengi tangu 1 Januari 1951. Kanisa lilifurahi. Lakini mke wa pili aliyekatazwa kuandikwa hakutoweka; wengi walimficha tu. Zamani alikuwa na haki zake mbele ya wazee. Sasa alikuwa mtu asiye na jina. Hatusemi kwamba sheria ile ilikuwa mbaya. Twasema kwamba katazo peke yake haligeuzi moyo, na anayefurahia katazo awaangalie pia walioachwa nje.

4. Kanisa nalo lilipita njia hii

Kabla hatujahukumu wengine, tuangalie nyumba yetu. Sheria ya Kanisa nayo ilikuwa mkusanyo wa maneno yasiyopatana. Karibu na mwaka 1140, Gratianus wa Bologna alikusanya maandiko karibu 4000, ya mitaguso, ya Mapapa na ya Mababa wa Kanisa, akajaribu kuyapatanisha. Katika ndoa, walimu waligombana muda mrefu: ndoa yafanywa na nini? Na ukubali wa wawili, au na kuungana kwao kimwili? Papa Alexander III, aliyetawala tangu 1159 mpaka 1181, alishika njia ambayo Kanisa linafuata hata leo: ukubali wa bwana na bibi ndio unaofanya ndoa, kuungana kimwili kunaikaza.

Kisha likaja neno la wazazi. Katika Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, wajumbe wa mfalme wa Ufaransa walitaka ndoa ya watoto bila ruhusa ya wazazi ihesabiwe bure. Mababa walitaka sana kuzuia ndoa za siri, wakaagiza paroko na mashahidi wawepo. Lakini walikataa kusema kwamba pasipo ruhusa ya wazazi hakuna ndoa. Waliwaheshimu wazazi, lakini hawakuwapa ufunguo wa Sakramenti. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1057, inasema kwamba ukubali huo hauwezi kutolewa na mamlaka yoyote ya kibinadamu pahali pa wale wawili. Basi mbuzi wawili hawawezi!

5. Sheria ya leo

Baada ya uhuru wa 30 Juni 1960, Wakongo walianza kukalia viti vya majuji na vya walimu wa sheria. Mwaka 1968 Marcel Lihau alikuwa premier président wa Cour suprême. Mwaka ule ule sheria mpya ya tribinali iliagiza tribinali za amani, ambazo zilipaswa kuchukua polepole kazi ya tribinali za desturi.

Kisha siku ya 1 Agosti 1987 ilitolewa Code de la famille. Na tuangalie vizuri namba ya 361. Yasema kwamba bwana na jamaa yake wapatane na wazazi wa bibi juu ya mali. Yasema ndoa haiwezi kufungwa kama mali haikutolewa, walau kwa sehemu. Yaongeza kwamba hata desturi ikisema vingine, mali yaweza kuwa kitu kidogo cha alama tu. Walau kwa sehemu! Yule mwanaume tuliyemrudisha alikuwa ametoa zaidi ya nusu. Leta ingempokea, ni sisi tuliofunga mlango.

Sheria ya 15 Julai 2016 iligeuza mambo mengine. Kwanza msichana aliweza kuolewa akiwa na miaka 15; sasa wote wawili wawe na miaka 18. Na bibi hahitaji tena ruhusa ya bwana wake kwa kila tendo la sheria. Lile neno la mwaka 1908 bado lipo: Katiba ya 18 Februari 2006, namba ya 153, yawaagiza majuji wafuate desturi isipopinga «ordre public» na mwenendo mwema. Neno ni lile lile. Lakini leo wanaopima ni sisi Wakongo, na hatuwezi tena kumlaumu mgeni tukipima vibaya.

6. Tufanye nini?

Turudi kwa yule mwanaume. Katekista mmoja mzee alituambia: «Padri, umeuliza mali gani imebaki. Hukuuliza kwa nini imebaki.» Tukafunga safari naye mpaka kwa mjomba wa bibi. Mzee alitupokea vizuri, akasikiliza, akakaa kimya. Kisha akasema: «Mbuzi wale nimewasahau. Lakini tangu miaka kumi na mmoja mkwe wangu hajafika kunisalimu. Ninyi mwamwita mdeni. Mimi namwita mtu aliyepotea.» Wiki ile mwanaume alikwenda. Alibeba jembe moja na kitambaa. Walikula pamoja. Mjomba mwenyewe aliwasindikiza kwenye ofisi ya leta inayoandika ndoa, kisha akaja nao kanisani. Asubuhi ile bibi alikaa mbele.

Wandugu, tangu siku ile twauliza mambo matatu, na twawaomba mjaribu vivyo hivyo. Kwanza ukubali: tuseme na bwana peke yake na bibi peke yake, tusikie kwa masikio yetu kwamba wanataka kwa hiari. Pili jamaa: wamepatana nini, nini kimetolewa, nini kimebaki, na kwa nini kimebaki. Tatu sheria ya leta: miaka yao, na kuandikwa kwa ndoa, ili bibi na watoto wasinyang'anywe nyumba siku ya msiba.

Mfratri asiache kitabu cha sheria kwa sababu kina vumbi. Lakini akikifungua, akumbuke kwamba nyuma ya kila hukumu iliyoandikwa palikuwa na mavuno ambayo karani hakuyaandika. Kazi yetu ni kwenda kuyauliza. Sisi tulichelewa miaka miwili. Mama mmoja alilipa kuchelewa kwetu, nasi twaomba Mungu atusamehe.