Kichomea DVD

Kichomea DVD ni kifaa cha kompyuta kinachoandika data kwenye diski tupu kwa mwale wa leza. Mifumo miwili ya diski za kuandikwa mara moja ilishindana: DVD-R ya Pioneer, iliyotoka mwaka 1997, na DVD+R ya mwaka 2002, iliyoungwa mkono na Philips na Sony. Zote hubeba takriban gigabaiti 4.7, hivyo ujazo haukuwa kigezo cha kuchagulia. Watetezi wa DVD-R walisema inasomeka kwenye deki nyingi zaidi za zamani. Hoja hiyo ina uzito, ila inahusu diski ya kununua, si kichomea. Sony ilipotoa DRU-500A mwaka 2002, kifaa kimoja kiliandika mifumo yote miwili, na kujifunga kwenye mmoja kukabaki na utetezi wa bei pekee.