Historia: Biblia katika lugha zetu haikuletwa na wageni peke yao

Siku ya Jumapili hapa Goma, ukipita Ndosho, Katindo au Majengo, utasikia Mungu akisifiwa kwa lugha nyingi. Kwaya moja inaimba Kinande, nyingine Kihunde, nyingine Kinyarwanda, na matangazo yanachanganya Kiswahili na Kifaransa. Lakini ukifika wakati wa kusoma Neno, mara nyingi kitabu kinachofunguliwa ni Biblia ya Kiswahili. Tumeizoea mpaka tunadhani imekuwepo siku zote, tena kwamba inamtosha kila mtu.

Nchi yetu ina lugha zaidi ya 200. Duniani kote kuna lugha kama 7,000, na zenye Biblia nzima zimepita 700 tu. Zilizobaki zina Agano Jipya pekee, au vitabu vichache, au hazina hata ukurasa mmoja. Ndiyo sababu makanisa huombwa mara kwa mara kutoa sadaka kwa ajili ya watu wasio na Maandiko katika lugha yao. Ni ombi zuri. Lakini kabla ya kutia mkono mfukoni, tujiulize kazi hii ilifanyikaje katika sehemu zetu. Historia inatufundisha jambo moja: kila mahali ilipofanikiwa, kulikuwa na mwenyeji aliyeketi mezani pamoja na mgeni. Mara nyingi jina la mwenyeji huyo ndilo lililosahaulika.

Kadhi na mmisionari

Tuanze Mombasa. Mwaka 1844 alifika huko Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na shirika la kimisionari la Uingereza, CMS. Katika miezi ya kwanza tu alimzika mke wake na mtoto wao mchanga. Mwaka huohuo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Nani alimsaidia? Sheikh Ali, kadhi wa Mombasa, yaani hakimu wa Kiislamu. Sura tatu za kwanza zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Basi Mkristo wa Kongo anayesoma leo habari za uumbaji kwa Kiswahili ana deni kwa Mwislamu wa pwani aliyekubali kutoa maneno yake.

Baada ya Krapf alikuja Edward Steere, askofu wa Unguja. Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1879, na Biblia nzima ikakamilika mwaka 1891, wakati yeye alikuwa ameshafariki. Ilifuata lahaja ya Unguja. Watu wa Mombasa hawakuridhika, wakapata Biblia yao mwaka 1914. Kisha Karl Roehl, Mjerumani mwingine, akatoa ya tatu mwaka 1937, akijaribu kupunguza maneno ya Kiarabu. Ndipo ikaonekana lazima watu wa pande zote wakae pamoja, na mwaka 1952 ikatoka ile tafsiri ya umoja ambayo wengi bado wanaisoma Tanzania, Kenya na hata hapa kwetu. Hesabu miaka: tangu Krapf mpaka 1952 ni zaidi ya karne moja. Na hiyo ni lugha kubwa, yenye wafanyabiashara, shule na mitambo ya kuchapa.

Apolo kule Boga

Upande wa Uganda, Biblia ya Luganda ilikamilika mwaka 1896. Watu humtaja sana George Pilkington, Mwayalandi hodari wa lugha. Lakini pembeni yake alikuwa Henry Wright Duta Kitakule, Mganda aliyepima kila sentensi kwa sikio la mwenye lugha. Kitabu chenyewe kilichapwa kinene na chembamba ili kiingie katika mkebe wa biskuti na kisiliwe na mchwa.

Mwaka huohuo wa 1896, mwinjilisti Mganda aitwaye Apolo Kivebulaya alivuka kuja Boga, ambayo leo iko katika jimbo la Ituri. Alikuwa amebatizwa mwaka mmoja tu kabla. Huko Boga alipigwa, akakataliwa, hata akafungwa jela, lakini akarudi tena. Kanisa la Anglikana la Kongo linamhesabu kuwa baba yake.

Katika miaka ya 1920 Apolo, ambaye sasa alikuwa mzee, aliingia msituni kwa Wambuti. Majirani wengi waliwaona Wambuti kama watu wa kutumwa kubeba nyama na asali, si watu wa kusomewa kitabu. Apolo alijifunza lugha yao, akatafsiri Injili ya Marko. Hakuwa na shahada ya isimu wala gari. Alikuwa na subira ya kukaa na watu na kuuliza neno hili mnalitamkaje, na lile mnalielewaje. Alifariki Boga mwaka 1933, na aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu.

Kwa wakati ule kulikuwa na viongozi wa kanisa walioona kwamba Luganda ingetosha kwa wote. Watu wa Toro na Bunyoro hawakukubali. Walipata Agano Jipya katika lugha yao mwaka 1905 na Biblia nzima mwaka 1912. Ubishi huo ndio tulio nao sisi leo kuhusu Kiswahili na lugha za mama zetu.

Kingwana kikafunika yote

Kiswahili kilifika Kongo ya mashariki kupitia misafara ya pembe za ndovu na watumwa, wakati wa Tippu Tip. Watu wake waliitwa Waungwana, na lugha yao ikaitwa Kingwana. Ilikuja kwa njia ya mateso, lakini ikabaki ikawa yetu. Wakoloni waliitumia kazini, na wamisionari waliiona kuwa daraja: badala ya kujifunza lugha kumi, mtu anajifunza moja. C. T. Studd, Mwingereza aliyefariki Ibambi mwaka 1931, alitafsiri Agano Jipya kwa Kingwana. Biblia nzima ya Kiswahili cha Kongo ilitoka mwaka 1960, mwaka uleule wa uhuru.

Faida yake ni kubwa, na hakuna haja ya kuidharau. Katika mji kama Goma, ambapo Mnande, Mhunde, Mnyanga, Mhavu, Mtembo, Mshi na msemaji wa Kinyarwanda wanakaa kwenye benchi moja, Kiswahili ndicho kinachowafanya wasali pamoja.

Lakini toka nje ya mji, panda Masisi au shuka Walikale. Mchungaji au katekista anasoma mstari kwa Kiswahili, kisha anageuka kuwaeleza akina mama na wazee kwa lugha yao. Anafanya hivyo palepale, bila kujiandaa, kila mmoja kwa namna yake. Wiki hii neno «neema» linaelezwa hivi, wiki ijayo vile. Hiyo nayo ni tafsiri! Inafanyika kila Jumapili, ila hakuna anayeiandika, hakuna anayeihakiki, na mzee akisikia kosa hana mahali pa kulipeleka. Kwa hiyo swali si kama lugha hizi zitafsiriwe au zisitafsiriwe. Zinatafsiriwa tayari. Swali ni kama kazi hiyo itafanywa kwa uangalifu au kwa kubahatisha.

Wakatoliki pia walipita njia hii. Kwa muda mrefu misa ilikuwa Kilatini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati zake za mwaka 1963 na 1965, ulifungua mlango kwa lugha za watu. Mwaka 1968 Vatikano na vyama vya Biblia walikubaliana taratibu za kutafsiri pamoja. Tangu hapo hakuna sababu ya parokia na kanisa la Kiprotestanti katika kijiji kimoja kufanya kila mmoja kazi yake pembeni.

Kitabu katikati ya vita

Tukishuka Kivu Kusini, kwenye nyanda za Uvira, Wafuliiru walipata Agano Jipya lao mwaka 2000. Wasomaji wanajua mwaka huo ulikuwaje. Vita vya 1996 vilikuwa vimeanzia hukohuko, vya 1998 vilikuwa bado vinaendelea, na watu walikuwa wamekimbilia milimani na ng'ambo ya ziwa. Hata hivyo kitabu kilitoka.

Kazi ya namna hiyo ina hatua nyingi. Kwanza wenye lugha wanakubaliana jinsi ya kuiandika: herufi gani, sauti ndefu na fupi zionyeshweje, lahaja ya bonde gani ifuatwe. Kisha rasimu inaandikwa. Baadaye inasomwa mbele ya wanakijiji ambao hawajawahi kuiona, nao wanaulizwa wameelewa nini. Wakielewa kinyume, sentensi inarudi mezani. Halafu mshauri anayejua Kigiriki na Kiebrania anaikagua. Ndiyo maana Agano Jipya peke yake linaweza kuchukua miaka kumi na zaidi, hata pasipo vita.

Na vita vinagusa pale panapouma. Lugha haikai kwenye kompyuta, inakaa kwa wazee. Mzee wa Masisi aliyekimbia mara tatu, akalala Bulengo, Lushagala au Kanyaruchinya, kisha kambi zikavunjwa mwanzoni mwa mwaka 2025, yuko wapi leo? Wajukuu wake waliozaliwa mjini wanazungumza Kiswahili cha Goma. Kila anapozikwa mzee wa namna hiyo, maneno mengine yanaenda naye, na hayarudishwi na msaada wowote utakaokuja baadaye.

Je, haitatugawa?

Wapo wanaosema: katika Kivu, kabila limetuua vya kutosha, tukimpa kila mmoja Biblia yake, si tutazidi kutengana? Ni swali la haki, na halijibiwi kwa maneno matamu. Agano Jipya la Kinyarwanda lilikuwepo tangu mwaka 1931, na makanisa yalikuwa yamejaa. Mwaka 1994 waliouawa na waliowaua wengi wao walisoma kitabu kimoja, kwa lugha moja. Tafsiri haileti amani yenyewe. Lakini mfano huohuo unaonyesha pia kwamba kuwa na lugha moja hakuzuii damu kumwagika. Si lugha iliyoua, ni mioyo na siasa.

Kinachogawanya zaidi ni dharau. Mtu akiambiwa lugha ya mama yake haifai kusomewa mbele ya Mungu, anajifunza kwamba yeye ni mgeni kanisani. Wambuti waliambiwa hivyo miaka mingi, mpaka mzee Mganda akaja kuketi nao. Kiswahili kibaki lugha ya benchi moja. Lugha ya mama iwe na nafasi yake pia, bila mmoja kumfukuza mwenzake.

Tusaidie nini, basi?

Kama historia hii ina faida, ni katika kutuonyesha sadaka iende wapi. Kuchapa kitabu ni hatua ya mwisho. Kabla yake kuna mtu mwenye lugha ambaye lazima ale, alipe shule ya watoto na asiache kazi katikati kwa sababu ya njaa. Kumtegemeza huyo ndiko kuunga mkono tafsiri. Chuo Kikuu cha Shalom mjini Bunia, kilichoanza kama shule ya teolojia mwaka 1961, kimefundisha Wakongo kazi hii. Kijana wa Walikale au wa Idjwi anaweza kwenda kusoma bila kuvuka bahari, kama kuna kanisa la kumtuma.

Pili, kusoma. Kitabu kisichosomeka kinabaki kabatini. Darasa la kujua kusoma kwa lugha ya mama, hasa kwa akina mama, liende sambamba na tafsiri. Tatu, sauti. Simu ndogo na redio za hapa zinafika mahali ambapo gari la vitabu halifiki. Mzee asiyejua kusoma anaweza kusikia Injili ya Marko kwa lugha yake, na akikuta kosa atalisema.

Kuna jambo moja ambalo halihitaji mfadhili. Kila kanisa la Goma linao wazee waliotoka vijijini wakiwa na lugha yao kamili. Waulizwe, waandikwe, warekodiwe: methali, majina ya mimea, maneno ya msamaha, maneno ya kufunga na kuvunja agano. Siku watafsiri watakapokuja kuanza kazi, watakuta akiba. Krapf alimkuta kadhi Mombasa, na Pilkington alimkuta Duta Uganda. Wetu wako hapa Goma, na wengine wao hawatakuwepo mwaka ujao.