Stata tatu na meno ya flaiwili

Kabla ya mwaka 1912, gari liliwashwa kwa mkono. Dereva alichomeka hendeli mbele ya injini na kuizungusha kwa nguvu. Cheche ikiwahi, injini ilirudi kinyume na hendeli ikampiga. Walioumia walikuwa wengi kiasi kwamba hadi leo madaktari wana aina ya mvunjiko wa mfupa, karibu na kifundo cha mkono, inayoitwa kwa jina la madereva.

Charles Kettering, mhandisi wa Dayton, Ohio, ndiye aliyeweka stata ya umeme kwenye magari ya Cadillac ya mwaka huo. Waliomtangulia walikwama kwenye hesabu: mota yenye nguvu ya kuzungusha injini ingekuwa kubwa na nzito mno. Lakini Kettering alikuwa amewahi kutengeneza mota ya mashine za kuhesabia fedha madukani, inayofanya kazi kwa mpigo mmoja kisha inatulia. Akatambua kwamba mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo unaopita uwezo wake, mradi iwe kwa sekunde chache tu. Gia yake ndogo huuma meno ya flaiwili kubwa, na tofauti ya ukubwa huo huzidisha nguvu. Mwaka 1919 hata Ford Model T ilianza kuuzwa na stata kwa aliyetaka kuongeza fedha.

Historia hii niliisoma kwa ajili ya shahada yangu ya uzamili, ila umuhimu wake niliuona kwenye gari kuukuu la baba, linalompeleka mama kliniki alfajiri. Ndani ya miaka miwili lilimaliza stata tatu. Kila moja ilianza vizuri, baada ya miezi ikasaga kama jiwe la kinu, kisha ikafa. Kila mara tuliambiwa spea ni feki.

Fundi mmoja mzee hakugusa spana kwanza. Aliniambia, "Mwanangu, washa nisikie." Kutatika kwa haraka, alieleza, ni betri dhaifu au waya uliolegea. Mlio mwembamba bila injini kugeuka ni gia inayozunguka bure. Kusaga ni meno yasiyoumana.

Lilikuwa linasaga. Akageuza injini kidogo kwa spana, akawasha tena, ikashika bila kelele. Hapo akajua. Injini ya silinda nne ikizimwa husimama karibu sehemu zilezile mbili, kwa hiyo stata hupiga meno yaleyale ya flaiwili kila asubuhi. Meno hayo yalikuwa yameliwa, nayo yakazila stata tatu mfululizo. Gia boksi ilishushwa, pete ya meno ikabadilishwa, na stata ya nne bado inafanya kazi.

Tangu Kettering, stata imekuwa kifaa cha kufanya kazi kubwa kwa muda mfupi, kikitegemea majirani zake: betri, nyaya, meno ya flaiwili. Jirani mmoja akichoka, stata ndiyo inayopiga kelele, na ndiyo tunayoitupa. Darasani hutuonya tusiishie kwenye tukio, tutafute kilichokuwa kikiliwa polepole kabla yake. Baba alilipia stata tatu kabla ya mtu kuuliza swali hilo.