Usukani na Mashine katika Shetri Moja

Mtu asafiriye kwa bahari kutoka mlango wa mto Ruvuma kwenda kusini, akaizunguka Rasi Delgado, akaipita ghuba ya Tungi ulipo mji wa Palma, kisha Mocímboa da Praia, kisha Matemo na Ibo na visiwa vingine vya Kirimba, hata akaingia ghuba ya Pemba ya Msumbiji, huwa amefuata njia ambayo tangu kale hukumu yake imo mikononi mwa pepo mbili, kaskazi na kusi. Wajerumani na Wareno walikubaliana mwaka 1886 kuufanya Ruvuma mpaka wao, na mwaka uliofuata Wareno wakaitwaa Tungi kwa mizinga kutoka milki ya Seyyid wa Unguja, kisha nchi ikawekwa chini ya Kampuni ya Nyasa hata 1929. Lakini mambo hayo hayakumzuia nahodha wa Tungi kungoja kusi imchukue Kilwa na Unguja, wala kungoja kaskazi imrudishe kwao.

Vyombo vya kale vya pwani hii, kama wasemavyo wasafiri wa zamani, vilishonwa kwa kamba pasipo misumari, na mtepe, uliokuwa wa mwisho katika ukoo huo hata ukatoweka katika karne ya 20, ulichongoka mbele na nyuma. Shetri bapa, ile ya mashua na jahazi, ilikuja baadaye, na wataalamu wengi wa vyombo huiona kuwa ni athari ya merikebu za Wareno. Ikiwa rai hiyo ni sahihi, basi Wareno waliwaachia mafundi wa pwani ubao mpana wa nyuma uliokaa karne kadhaa ukibeba usukani, na pengine nakshi kidogo, kabla haijapatikana kazi iliyoufaa zaidi.

Kazi hiyo ilikuja na injini ya kupachika, ambayo mabaharia huiita mashine tu. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyehamia Marekani, alianza kuuza yake mwaka 1909, na Yamaha ya Japani, ambayo jina lake sasa lajulikana katika kila bandari ya wavuvi, ilitoa ya kwanza mwaka 1960. Waliozibuni walikusudia boti ndogo yenye nyuma fupi iliyo tupu, ambapo mtu huipachika mashine katikati, akaikaza kwa skurubu mbili, akaondoka. Hawakufikiri chombo cha tanga ambacho katikati ya shetri yake pana fashini, na juu ya fashini umening'inia usukani, na juu ya usukani kana ikizunguka huku na huku. Hapo katikati pana mwenyewe, naye alitangulia.

Kwa hiyo kila mwenye chombo aliyenunua mashine ilimpasa kwanza kuamua ni nani atakayekuwa bwana, tanga au mashine. Aliyeamua kuwa ni mashine aliung'oa usukani na kuikalisha mashine mahali pake, na tangu siku hiyo tanga lake likawa la dharura. Wengine hutoboa chombo ndani, mbele ya usukani, wakafanya kisima ambamo mguu wa mashine huteremka. Msukumo hutoka katikati kama ipasavyo, lakini sehemu ya ngama hupotea, na tundu lililotobolewa kwa makusudi chini ya chombo cha mbao, kwa rai yangu, ni ukarimu uliopita kiasi kwa bahari. Njia iliyobaki ni pembeni: kuipachika kwenye shetri, kando ya usukani, juu ya gogo nene lililofungwa kwa komeo za chuma zinazopenya hata mataruma. Shetri ya mashua aghalabu ni ndefu kuliko mguu wa mashine, ambao kwa zile fupi ni takriban sentimita 38 na kwa zile ndefu 51. Kwa hiyo gogo hilo hushushwa, au ubao wa juu hukatwa, na aliyeukata sana hujuta pindi wimbi la nyuma liingiapo.

Pembeni, lakini pembe ipi? Jambo hili ladhaniwa dogo, nalo ni kiini cha shauri zima. Pwani ya huku yatazama mashariki. Kusi hutoka kusini-mashariki, nayo ndiyo kali. Na safari nzito wakati wake ni ya kwenda kusini, tuseme kutoka Palma kwenda Ibo, ambapo chombo cha tanga peke yake hulazimika kubisha mchana kutwa. Nahodha mwenye mashine huliacha tanga likisaidia, upepo ukimjia mkono wa kushoto. Chombo hulalia kulia, upande wa bara, na kulia ndiko kuliko demani. Mashine iliyowekwa upande wa joshi huinuliwa na mlalo huo, rafadha ikapiga hewa na kulia bure; iliyowekwa demani huzama barabara ikashika maji. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka, kwa kuwa safari ya taabu ni ya kwenda kaskazini, upepo hutoka kaskazini-mashariki, na chombo hulalia kushoto, ambako ndiko bara tena. Haiwezekani basi kuzitosheleza pepo zote mbili kwa gogo moja. Lakini maadamu kusi hudumu zaidi na hupiga kwa nguvu zaidi, naona mkono wa kulia ndio wenye haki, ingawa mashine ya kulia husukuma omo kushoto, na mshika kana hana budi kuupinga usukani muda wote.

Fauka ya upepo pana maji kupwa na kujaa, ambayo siku za bamvua hutofautiana takriban mita 4. Ibo, uliokuwa mji mkuu wa jimbo la Cabo Delgado kabla serikali haijahamia ghuba ya Pemba yenye kina, umezungukwa na mchanga na mikoko. Na chombo kitokacho bara, Tandanhangue, kwenda huko hufuata saa ya maji. Mashine isiyoweza kuinuliwa upesi huvunja rafadha yake mchangani. Yenye uzito wa kilo 40 hivi, iliyofungwa pembeni ambapo kana huugonga mkono wa mwinuaji, huinuliwa kwa laana nyingi.

Mwezi Oktoba 2020, vita vilipowafukuza watu wa kaskazini mwa Cabo Delgado, maelfu walishuka katika ufuo wa Paquitequete mjini Pemba, wamesongamana ndani ya vyombo na watoto wao na mafurushi yao. Na pamoja na mashine zote hizo, tanga bado hufungwa juu ya foromali, kwani petroli huuzwa kwa fedha na upepo hauuzwi.