Jua, batri na saa za umeme: namna nyumba inaweza kupunguza gharama

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, nyumba nyingi hulipa mwangaza mara tatu. Zinanunua umeme wa mita. Umeme ukikatika, zinanunua buji na mawe ya tochi. Kesho yake zinalipa tena kwenye kibanda ili simu zichajiwe. Kwa sababu hiyo familia nyingi zimeweka paneli za jua. Baadhi zimepata faida. Wengine, baada ya mwaka mmoja au miwili, wamebaki na batri iliyokufa, na pesa ambayo ingelipa masomo ya watoto imepotea. Jua ni lilelile kwa wote. Mara nyingi tofauti iko katika hesabu iliyofanywa, au isiyofanywa, kabla ya kununua.

Umeme wetu unatoka wapi

Kwa miaka mingi Bukavu na sehemu ya Goma zimetegemea maji ya Ruzizi, mto unaotoka katika Ziwa Kivu. Kituo cha Ruzizi I kilianza mwaka 1958. Ruzizi II, cha mwaka 1989, kinagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Maji ya ziwa yakipungua, umeme nao hupungua. Chupa na mifuko ya plastiki tunayotupa ziwani hufika mpaka kwenye mashine na kuzizuia.

Sheria nambari 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 iliruhusu makampuni mengine yatoe umeme pamoja na SNEL. Tangu hapo kituo cha Matebe, katika Rutshuru, kimepeleka umeme Goma, na mwaka 2020 kituo cha jua cha megawati 1,3 kilianza kazi mjini humo. Hata hivyo, si kila kartie imefikiwa, na pale ulipofika, umeme bado hukatika. Volkeno Nyiragongo ilipotoa moto tarehe 22 Mei 2021, sehemu kubwa ya Goma ilibaki gizani.

Kwanza, hesabu matumizi yako

Usianze kwa kuuliza bei ya paneli. Chukua daftari na uandike kila kitu kinachotumia umeme, wati zake na saa zake kwa siku. Wati ukizizidisha kwa saa, unapata wati-saa. Wati-saa 1000 ni kilowati-saa moja, yaani kile ambacho mita yako inahesabu.

Tuchukue nyumba moja ya kawaida:

- Taa 4 za LED za wati 5, saa 5: wati-saa 100.
- Simu 3, karibu wati-saa 20 kila moja: wati-saa 60.
- Redio ya wati 5, saa 6: wati-saa 30.
- Televisheni ndogo ya wati 40, saa 3: wati-saa 120.

Jumla ni wati-saa 310 kwa siku. Sasa linganisha: pasi ya wati 1000 ikitumiwa saa moja tu inakula wati-saa 1000, zaidi ya mara tatu ya vitu vyote hivyo pamoja. Jiko la umeme linakula zaidi ya hapo. Ndiyo maana mtu anayenunua paneli kwa ajili ya taa, kisha akaunganisha pasi, anaua batri yake.

Hesabu hiyo inaonyesha pia namna ya kupunguza gharama pasipo kununua paneli yoyote. Taa ya zamani ya wati 60 ikibadilishwa kwa ya LED ya wati 9, mwangaza ni karibu uleule, lakini umeme unaotumiwa ni chini ya moja ya sita. Piga pasi nguo za juma zima mara moja, badala ya kuiwasha kila asubuhi.

Paneli

Katika eneo letu ni vizuri kupanga hesabu kwa saa 4 za jua kamili kwa siku, sababu kuna mawingu na majira ya mvua. Tena, karibu sehemu 30 kwa 100 hupotea njiani: kwenye waya, kwenye batri na kwa sababu ya joto. Kwa hiyo paneli ya wati 100 inatoa karibu wati-saa 280 kwa siku. Nyumba yetu ya mfano inahitaji 310. Basi paneli ya wati 100 haitoshi. Ya wati 150, inayotoa karibu 420, inatosha na kubakiza kidogo.

Usiamini maandishi tu. Paneli ya kweli ya wati 100 ina upana wa karibu nusu mita ya mraba au zaidi. Ukiona paneli ndogo kama daftari imeandikwa wati 100, maandishi hayo ni ya uongo.

Butembo iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na Goma na Bukavu haziko mbali nao. Hapa jua hupita juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo upande ambao paneli inaelekea hauna uzito mkubwa. Iinamishe kidogo tu, kama sentimita 18 kwa kila mita ya urefu, kusudi mvua iioshe. Katika kiangazi, au majivu ya volkeno yanapoanguka, ioshe kwa maji na kitambaa laini, asubuhi kabla haijapata joto. Angalia pia kivuli: tawi moja la mti wa avoka likifunika pembe ya paneli linaweza kupunguza sana umeme wa paneli nzima.

Batri

Batri ndiyo inayokufa mapema kuliko vingine, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Batri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1200, lakini haifai kutumia zaidi ya nusu, yaani 600. Ikimalizwa kila usiku, maisha yake yanakuwa mafupi sana. Batri ya litiamu inaruhusu kutumia karibu sehemu 80 kwa 100, na hudumu miaka mingi zaidi, lakini bei yake ya kwanza iko juu.

Mambo ya kuangalia:

- Batri ya gari imetengenezwa ili iwashe mota kwa nguvu ya muda mfupi. Haikutengenezwa kwa kuwasha taa usiku kucha, na huharibika haraka.
- Batri ya risasi ya ampea-saa 100 ina uzito wa karibu kilo 25 mpaka 30. Ikiwa nyepesi sana, usiinunue.
- Weka regilateri, kifaa kinachosimama kati ya paneli na batri, kisha taa ziunganishwe kwenye kifaa hicho. Kinazuia batri isijazwe kupita kiasi wala kumalizwa.
- Batri ya risasi iliyopumzika ikionyesha volti 12,7 imejaa. Ikionyesha 12,2 iko karibu nusu. Hapo zima televisheni, ubakize taa.
- Batri inayoongezwa maji hupewa maji yaliyosafishwa kwa kazi hiyo, kamwe si ya kisima.
- Usiiweke chini ya kitanda. Inapojazwa hutoa hewa inayoweza kushika moto, na maji yake ya asidi huunguza watoto.
- Batri iliyokufa usiivunje wala kuitupa ziwani. Risasi ni sumu. Irudishe kwa muuzaji anayepokea za zamani.

Kifaa cha kugeuza umeme wa batri kuwa wa volti 220 nacho hula umeme hata kama hakuna kitu kilichounganishwa. Kizime kabla ya kulala. Ikiwezekana, tumia taa za volti 12 moja kwa moja.

Saa za umeme wa bei nafuu

Katika nchi fulani, bei ya umeme hubadilika kulingana na saa. Kule Uingereza, kuna nyumba zinazolipa bei ndogo kwa saa saba za usiku. Nchini Kenya, tangu mwisho wa mwaka 2017, viwanda na biashara kubwa hupata punguzo kwa umeme wa usiku. Mwenye batri katika bei ya namna hiyo anaijaza wakati umeme ni rahisi, na kuitumia wakati ni ghali.

Lakini ikiwa mita yako ina bei moja mchana na usiku, batri iliyojazwa kwa umeme wa mita haipunguzi gharama hata kidogo. Batri ya risasi hupoteza sehemu ya umeme inaoupokea, kwa hiyo unalipa zaidi kwa kila wati-saa. Inakusaidia usikae gizani, na hilo ni jambo jema, lakini usilihesabu kuwa akiba.

Mwenye paneli ana saa zake za bei nafuu: kuanzia saa 4 ya asubuhi mpaka saa 9 ya mchana. Chaji simu na tochi wakati huo. Mama anayeshona kwa mashine ndogo ya umeme aifanye kazi yake wakati huo. Umeme unaotumiwa jua likiwaka hauchakazi batri. Hata kanisani, kinanda na spika za ibada ya asubuhi zinaweza kutumia jua. Mkesha ndio unaohitaji batri kubwa.

Hesabu ya pesa

Kwa mwezi mmoja, andika kila franka unayotoa kwa buji, mawe ya tochi, chaji ya simu, mafuta na umeme wa mita. Kisha weka alama kwenye zile ambazo jua litaziondoa kweli.

Tuseme vyombo vyote vinagharimu dola 300, na jua linaondoa dola 12 za matumizi kila mwezi. Pesa yako inarudi baada ya miezi 25. Batri ya risasi ikidumu miaka 3, unabaki na miezi 11 ya faida. Ikimalizwa vibaya na kufa kwa mwaka mmoja na nusu, umepata hasara, hata kama paneli bado ni nzima na inaweza kufanya kazi zaidi ya miaka 20.

Kwa hiyo, siku unayowasha taa ya kwanza, anza kuweka akiba ya batri ya pili. Ikiwa batri ni dola 120, hiyo ni karibu dola 3 na nusu kwa mwezi kwa miaka 3. Kiasi hicho kinaweza kuingia katika AVEC au likelemba, mahali ambapo wamama wengi wa makanisa yetu tayari wanaweka akiba. Nyumba iliyofanya hivyo haitarudi kwenye buji siku batri ya kwanza itakapochoka.