Jumamosi ya bei poa: Keko hadi Mnara wa Askari

Wadau, likizo hii dada kaniletea wanawe wawili wa sekondari, na mshahara bado siku kumi. Wanataka "kwenda mjini". Nikapiga hesabu mara mbili, jibu likawa moja: tunatembea. Kutoka Keko, tukatize Kariakoo, tuibukie Posta.

Kariakoo tulisimama kunywa juisi ya miwa. Nikawaambia jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Mbung'o waliua wanyama wa mizigo, hivyo risasi na unga vikabebwa vichwani. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa maradhi na uchovu. Wajomba zangu wakaitikia "mmh", macho kwenye simu.

Mnara wa Askari ndio ukawazindua. Ulisimamishwa 1927, singe inaelekea bandarini, na maandishi yake yanawataja pia wapagazi. Mdogo akasoma yote, akauzunguka. "Anko, mbona aliyebeba mzigo hayupo juu?"

Jamani! Napita pale kila siku kwenda kazini, sijawahi kujiuliza. Nikamwambia kwamba mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa Waafrika wengi waliokufa hawakuandikwa hata majina. Akanyamaza. Kaka yake akaupiga picha mnara, upande wa maandishi.

Makumbusho ya Taifa ina kiingilio, tumeiweka mwisho wa mwezi. Matumizi: juisi tatu, na daladala ya kurudia, maana miguu iligoma.