Kicheko cha Deolali

Jimmy Perry alikuwa askari wa mizinga katika Vita Kuu ya Pili. Alipelekwa Bara Hindi na Burma, na huko Deolali, kambi ya askari wapitao, akaingia katika kundi lililowekwa kuwaburudisha wenzao kwa nyimbo na maigizo. Kumbukumbu hizo yeye na mwenziwe David Croft walizigeuza mchezo wa kuchekesha wa televisheni, It Ain't Half Hot Mum, ulioonyeshwa na BBC tangu 1974 hata 1981, sehemu 56. Watazamaji walihesabiwa kwa mamilioni.

Hata hivyo mchezo huu ulipungua, na upungufu wake haukuwa wa kicheko. Watungaji hao hao ndio waliotunga Dad's Army, ulioanza 1968, habari za wazee walinzi wa mji mdogo wa pwani ya Uingereza. Humo achekaye na achekwaye ni watu wa nyumba moja: mtazamaji alimwona baba yake, pengine nafsi yake, ameshika bunduki asiyoijua. Deolali palikuwa na watu wa nyumba nyingine, nao hawakuulizwa.

Mtumishi mkuu katika mchezo ni Rangi Ram, jina ambalo msemaji wa Kiswahili hawezi kulisikia bila kutabasamu. Maana aliyemwigiza ni Mwingereza Michael Bates, uso umepakwa rangi. Bates asidhulumiwe. Alizaliwa Jhansi, alikijua Kihindustani, na alipigana Burma pamoja na Wagurkha. Lakini rangi ile ilibaki rangi. Waigizaji wenye asili ya Bara Hindi walikuwamo: Dino Shafeek, muuza chai, na Babar Bhatti, mvuta pangaboi, aliyeketi na kamba yake akiyapima matendo ya mabwana kwa maneno machache. Maneno hayo yana akili kuliko mengi yasemwayo na wakubwa wake, wala hakuna amsikilizaye.

Watungaji walijitetea kwamba askari ndivyo walivyosema siku zile. Yaonekana walisema kweli. Ila kambi ya wapitao haimwonyeshi kijana jeshi zima. Bara Hindi lilitoa askari wapatao milioni 2.5, na Jeshi la 14 lililowashinda Wajapani Burma mwaka 1945 lilikuwa la Wahindi kwa sehemu kubwa. Waafrika nao walikuwamo, na Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipita bonde la Kabaw katika mvua za 1944. Miongoni mwa watu wakuu wa mchezo hamna Mhindi hata mmoja mwenye bunduki. Wapo wa kuleta chai, kuvuta kamba na kupokea matusi ya sajini-meja.

Bates alifariki Januari 1978. Nafasi yake haikupewa mwingine. Mchezo ulikuwa umekwisha hamishiwa Burma, Burma iliyotengenezwa Uingereza, na huko ukaendelea miaka mitatu bila Rangi Ram.